Ukingo wa Kitanda cha Tisa

Desemba mjini Tartu jua ni mgeni wa haraka:
hubisha hodi saa tatu, saa tisa na nusu limeshaaga,
halikugusa hata chai.

Urve Kallaste huijua theluji kwa mlio wa viatu vyake
na wodi kwa harufu: klorini, supu ya kabichi,
plasta iliyokawia kwenye ngozi.
Miaka kumi na tisa anafuta.
Anafuta vitasa, anafuta meza za magurudumu,
anafuta kitufe cha kumwitia nesi
ambacho kila mgonjwa hukibonyeza kwa kidole cha woga.
Akifutacho hakionekani. Akimaliza,
hakuna wa kumwambia kimekwisha.

Miti ilipopukutisha majani walikuja watu wa chuo kikuu
na utando mwembamba, zambarau iliyopauka,
rangi ya maji yaliyosuuzia kalamu ya wino.
Wakauvisha ukingo wa kitanda cha tisa,
pale mtu ashikapo akitaka kuinuka.

Siim wa maabara, ndevu chache, maneno mengi,
alimchorea nyuma ya risiti ya duka:
humu mna chembe za dhahabu,
ukizipanga elfu hazifikii unene wa unywele;
mna zinki; mna rangi inayokunywa taa.
Taa ikiwaka, rangi hulewa,
mzigo humshinda, huutua kwa hewa,
na oksijeni hii tunayoivuta kwa upole
hugeuka kali, ikachana ngozi za bakteria.
"Si sumu," alisema. "Ni hewa iliyokasirishwa."
"Na taa ikizimwa?"
Siim akakuna ndevu.
"Ndiyo maana tunaomba isizimwe."

Risiti hiyo anayo bado, mfukoni mwa aproni.
Upande wa pili: maziwa, mkate mweusi, betri.

Kwa lugha yangu ningesema: mwanga amfukuze mwanga,
neno moja likijivizia lenyewe usiku.
Mmoja hushuka kutoka darini,
mwingine hucheza uchi juu ya chuma,
bila ngoma, bila kaburi,
akisubiri kiganja cha jasho kipite.

Usiku wa kumi na saba kitandani alilala Kaljo Raudsepp,
fundi wa vinanda vya kanisani, miaka themanini na moja,
mwenye mapafu yaliyopasuka mshono kama mivukuto yake ya zamani.
Saa nane akaita, si kwa kitufe, kwa jina:
"Urve. Wiki ya tatu hii sijaona giza.
Nikifumba macho ni wekundu mtupu.
Nizimie."

Ukutani karatasi yenye mhuri: TAA HII ISIZIMWE.
Urve alisimama. Sijui alisimama kwa muda gani.
Kinga na tiba, tuliozoea kuwashindanisha kwenye methali,
walikuwa wawili hapo,
kila mmoja amemshika mkono.

Akazima.

Giza likaingia kama mtu wa nyumbani, bila viatu.
Kaljo akashusha pumzi,
sauti nene kabisa, ile ya bomba refu
linalotikisa viti kabla ya kusikika.
Urve hakuondoka. Alijaza ndoo maji ya moto,
akakamua kitambaa, akafuta ukingo kwa kupapasa
toka kichwani mpaka miguuni,
na tena kila nusu saa,
hadi saa kumi na moja.

Asubuhi Siim akaja na vijiti vya pamba na visahani.
"Andika," Urve alimwambia. "Nilizima.
Saa nane hadi kumi na moja. Nimefuta kwa mkono, mara saba."
Kijana akalitazama jedwali:
safu ya saa, safu ya mwangaza, safu ya makoloni.
Hapakuwa na mahali.
Akafungua mdomo, akaufunga.
Akachukua rula, akachora mstari mmoja zaidi pembeni,
ukaenda kombo kidogo,
na juu yake, kwa penseli, hakuandika kitu bado.

Kaljo alikuwa amelala,
vidole vinne juu ya zambarau.
Dirishani ilikuwa saa mbili, na usiku.