Mkazi wa Kata Hii

Karani hakuinua macho.
"Mume anaishi wapi?"
Nikamwambia ndoa ndiyo iliyoisha,
mume sijui kama anaishi.
Hakucheka. "Mama, baraza ni la kata anakokaa mume.
Kama hakai hapa Ngamiani, hatuna mamlaka naye.
Kamtafute."

Nikaanza kumtafuta kwenye makaratasi.
Kwa TANESCO, Semboja anaishi kwangu:
mita ya LUKU ina jina lake.
Kwa daftari la wapiga kura yuko Pongwe,
chumba cha nyuma, karibu na kiwanda cha saruji,
alikopanga mwaka ule akakohoa hadi Idi.
Kwa mama yake, Muheza, amekwenda kutafuta,
na huko kutafuta hakuna kata wala mtaa.
Kwa simu hapatikani.

Nikapanda basi hadi Mombo.
Mwenyekiti akafunua daftari lililoliwa na mende:
"Alikaa. Miezi minne. Ana deni la taka."
Elfu mbili. Nikalipa, sijui kwa nini.
Labda nilitaka risiti,
jina lake na langu mstari mmoja,
kwa mara ya mwisho.
Hedaru wakasema Kahama.
Nauli ya Kahama sikuwa nayo.

Niliporudi, karani akataka na barua yangu mimi,
kwamba nami ninakaa mahali.
Bi Mwanamkuu wa mtaa akaandika kama aandikavyo siku zote:
Semeni Mhando, nyumba namba hamsini na saba,
anaishi na mumewe.
Nikasema, futa hapo mwisho.
Akasema, mhuri umeshagonga.

Nikawa natembea na karatasi hiyo kwenye mkoba,
inaniapia kwamba ninaye.

Jumamosi, natoka kusaga mahindi,
baiskeli ikapata pancha Barabara ya Kumi na Nne.
Fundi akaomba maji mlango wa jirani.
Akatoka Semboja na beseni,
kaptura ya bluu, ile niliyomshonea kiuno.

Tuliinama wote watatu.
Mpira ukazamishwa, ukageuzwa polepole,
tukangoja vipovu vituonyeshe palipotoboka.
Ndani mwanamke alikuwa akikohoa.
Miaka miwili. Barabara mbili.
Mombo nimelala stendi!

"Unaishi hapa?" nikauliza,
si kwa wivu, wallahi. Kwa mamlaka.
"Ndiyo," akasema, akitazama maji.
Fundi alisikia. Shahidi nikampata bure,
pancha nikalipa mia tano.

Jumatatu karani akaandika, herufi kubwa:
MDAIWA, MKAZI WA KATA HII.
Baraza likakaa mara tatu, yeye akaja mara moja,
amevaa viatu vya watu,
akasema hana la kusema.
Wakanipa fomu namba tatu: wameshindwa kutupatanisha.
Niliikunja mara moja tu, isichakae.

Kesho naipeleka Mahakama ya Mwanzo.
Ndivyo walivyoiita,
huko tunakopeleka miisho.

Usiku yuniti zikakatika, wali ukiwa nusu.
Nikapapasa ukutani, nikabonyeza tarakimu,
zote ishirini, kwa mwanga wa simu.
Mita ikafikiri kidogo.
Taa ikawaka, kwa jina lake.