Mashimo ya Douwe

Saa mbili na dakika nne asubuhi naifungua ramani.
Saa mbili na dakika kumi na moja
kigurudumu bado kinazunguka katikati ya skrini
kama punda wa kinu asiyeambiwa kazi imekwisha.
Nimekunywa kahawa. Nimeosha kikombe.
Nimesoma tena tangazo la mwaka juzi
kuhusu baiskeli zinazoegemezwa ukutani.

Ndipo Friesland inaanza kuteremka, kipande kwa kipande:
mitaro, mistari ya buluu elfu thelathini,
kisha matuta, kisha pampu, kisha ng'ombe.
Hapana, ng'ombe hawamo,
ila kwa uzito huu ningeapa wamo.

Sjoerd wa mitambo amekuja mara tatu.
Ameongeza kumbukumbu. Ameitoa faili kwenye seva
akaiweka humu humu, chini ya meza yangu.
Amepuliza vumbi. "Sasa itakimbia," akasema,
akaondoka upesi kabla haijathibitika.
Nikaisogeza ramani upana wa kidole kuelekea Dokkum;
skrini ikawa nyeupe kama maziwa,
na maneno yale yale: programu haijibu.
Haijibu. Kama mama yangu akiulizwa habari za baba.

Nikaanza kuzima matabaka, moja moja,
kama fundi anayetafuta waya unaopiga shoti.
Barabara: vile vile.
Mipaka ya mashamba: vile vile.
Picha zilizopigwa na ndege: nafuu kidogo,
nafuu ya mgonjwa aliyeomba maji.
Chini ya yote, tabaka ambalo hakuna aliyeligusa:
douwe_mpya_mwisho_2.
Nikalizima.
Ramani ikaruka.

Douwe alikuwa mtega panya wa maji,
wale wanene, wenye mkia bapa, wanaolila tuta kwa ndani
hadi linabaki kama mkate wa jana:
ganda zuri, ndani upepo.
Alipopewa kompyuta alikuwa na miaka hamsini na minane,
na hakuna aliyemwambia kwamba shimo ni nukta.
Akachora. Mdomo wa shimo, mpindo wake,
chumba cha kulala, mlango wa kukimbilia.
Pembe mia nne kwa shimo, mia tisa, elfu na ushei,
mashimo elfu kumi na saba,
na kivuli pembeni, ili kina kionekane.
Kompyuta, maskini, ilikuwa ikiyachimba upya kila asubuhi.

"Yafanye nukta," Sjoerd akasema. "Dakika tano."
Zilikuwa nne.
Shimo la karibu na Holwerd, lenye tawi
lililonyemelea barabara, likawa kitone chekundu.
Nikabofya kitone. Maelezo yake yalikuwa yamesalia:
*Mvua. Goti linauma. Watatu.
Kitoto kimoja nimekiacha, usiandike.*
Aliandika mwenyewe.

Basi sasa ninazo mbili. Nyepesi ya siku za kazi,
inayopendwa na wakubwa, inayoteleza kama samaki.
Na ile nyingine, ambayo nilitakiwa kuifuta mwezi Machi.

Novemba, saa sita usiku, akapiga simu Hylke wa pampu.
Mvua ilisikika nyuma yake kuliko yeye.
"Tuta linatoa jasho, Wytske. Upande wa kondoo.
Nipige mifuko ya mchanga wapi?"
Nikatazama nyepesi: vitone kumi na vitatu,
vimekaa kimya kama vifungo vya koti.
Vyote shimo. Hakuna kilichosema linaelekea wapi.

Nikaifungua nzito.
Skrini ikawa maziwa. Kigurudumu kikaanza.
Nikawaza juu ya goti lile, na taa ya kichwani,
na mkono uliotumbukizwa hadi begani kwenye tope
kuuliza njia.
"Bado upo?" Hylke akapiga kelele. "Nini kinaendelea huko?"
Mtaro wa kwanza ukajitokeza, buluu.
Kisha ukingo wa tuta. Kisha, polepole,
mdomo mmoja.

"Subiri," nikamwambia. "Anachora."