Kisu cha Mashoto

Kashindye alimwaga mfuko wake juu ya gunia:
mabapa matatu, misumari ya shaba sita,
vipande vya mninga viwili viwili, kama nyayo za mtoto.
"Kisu chako kimo humu," akasema. "Kitafute."
Nyuma ya stesheni ya Tabora treni ya Mpanda ilikuwa ikihema.
Nikachuchumaa, nikaanza kuchagua.

La kwanza liling'aa. Nililiona ndani yake pengo langu la jino.
Nikaligonga kwa ukucha, likaitika kama kijiko cha chai.
Nikalirudisha. Kinachong'aa hivyo sokoni
porini hukunja shingo kwenye fundo la kwanza.

La pili refu, la kutishia watu.
Mimi sina wa kumtisha. Nina mizinga arobaini na mmoja,
nina magome ya kuchuna, kamba za kukata,
na nyama, Mungu akikumbuka.

La tatu jeusi, halizidi kiganja,
springi ya lori iliyochoka kubeba tumbaku ya Urambo,
bado lina harufu ya makaa ya mhunzi.
Nikaligeuza ubavu huu, nikaligeuza ule:
limetolewa makali pande zote mbili, sawasawa.
Nikalipa bila kupatana. Kashindye akashtuka.

Maana mimi ni mashoto.
Visu vya kaka zangu vimenolewa ubavu mmoja;
nikivishika vinapinda, vinarudi kwao,
kama ng'ombe wanaolijua zizi.
Bibi aliufunga mkono huu kwa kipande cha kanga
mwaka mzima wa darasa la kwanza.
Kuandika kwa kulia nilijifunza.
Kukata, hapana.

Sikonge, usiku. Taa ya sola, jiliwa sina.
Nikabana mninga kwa magoti,
nikatoboa kwa keekee ya jirani, fundi viti,
vumbi jekundu likanijaa mapajani.
Tundu la kwanza, sawa. La pili, sawa.
La tatu likaenda kando nusu punje ya mtama,
na nusu punje, mbele ya chuma,
ni mbali kama Kigoma kwa miguu.

Nikatukana. Kinyamwezi kina matusi matamu, sitayaandika.
Kisha tupa ya mviringo, polepole,
mpaka msumari ukapita ukilalamika.

Gundi nikaikoroga kwenye kizibo cha soda.
Msuka nikaulaza katikati ya mbao mbili,
shaba nikaigonga, to, to, kichwa kikatandazika,
nikazungusha utepe wa tyubu ya baiskeli,
kaza, zungusha, kaza,
nikausukuma mpini chini ya mguu wa kitanda.

Mihayo, mume wangu, akauliza kitanda kinayumbia nini.
"Kisu kinakauka."
Akageukia ukutani.

Asubuhi, msasa. Nilikishika, nikafumba macho,
nikajifanya nakata; paliponichoma nikapasugua,
nikashika tena. Tumbo la mpini likahamia huku,
kidole gumba kikapata kibonde chake,
mpini ukawa mbaya kuutazama,
umepinda kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.
Nikaunywesha nta ya mizinga yangu, ya moto,
hata pale kwenye tundu la tatu
palipobaki ufa mwembamba kama unywele.
Ufa upo. Naujua kwa ncha ya kidole gizani.

Juzi nilikwenda nao msituni, kwenye miyombo.
Nikachora gome juu, nikachora chini,
nikavuta. Likatoka utepe mmoja, mrefu, umenyooka,
unanuka maji.
Nilisimama nao begani muda mrefu bila sababu,
nyuki wakinipita kama hawanijui.

Jana Mihayo alikiomba akate kamba ya mbuzi.
Akakishika. Akakigeuza. Akakigeuza tena,
akakihamishia mkono mwingine, akacheka,
akanirudishia, mpini mbele.
"Hiki kisu chako kina kichwa kigumu."

Kamba nikaikata mimi.