Punguza Redio Yako, Mpigaji

Saa nne na ushei, likizo ya Aprili.
Redio iko kidakani, mgongo umefungwa kwa utambaa,
kifuniko cha betri Famau alikifanya sahani ya paka.
Mimi nakuna nazi. Barke anachambua mchele,
chuya anaziweka kando ya sinia,
na mtangazaji anaiuliza nchi nzima:
ungekuwa wewe, ungemsamehe?

Nilidhani hawasikii.
Mtoto akiinamia sinia, masikio yake huyaoni.

Kwanza lilikuja tangazo la mizizi,
ile ya kurudisha heshima ya nyumba.
Famau, miaka minne, akasimamisha gari lake la kopo:
"Ma, heshima yetu ilipotea lini?"
Nikameza kicheko. Nikamwambia ipo.
Hakuniamini. Jioni Lali wa duka
akaniletea salamu huku akitazama viatu vyake:
mwanangu alikwenda na shilingi kumi
kuuliza kama anayo, hata ya kupima.

Jumanne nikakuta ukutani mwa daka, kwa mkaa,
nyumba: mlango, madirisha mawili, baba, mama, paka.
Na nje yake kijumba, kama banda la kuku.
"Na hii?"
Barke hakuinua hata kichwa.
"Huo ni mpango wa kando."
Kando ya nini, hakujua. Alijua tu
kwamba kila nyumba ya redioni inao,
akaona si vizuri yetu ikakosa.

Utasema, mbona hukuzima?
Nami nitakwambia. Baba yao yuko Witu tangu Rajabu,
na mtu akikuna nazi peke yake siku baada ya siku
hutamani kumsikia mtu mzima mwenzake akisema,
hata kama anayoyasema ni ya kuvutiwa pazia.

Kisha Alhamisi. Mpigaji wa mwisho kabla ya habari.
"Jina sitaji. Niko Lamu."
Sauti nyembamba, kama imepitishwa kwenye mrija.
"Punguza redio yako, mpigaji, tunasikia mwangwi."
Akapunguza.
"Mwaka wa pili huu," akasema, "mume wangu hanigusi,
ila kwa mkanda."
Mtangazaji akaguna, akabonyeza kile kicheko chake cha mkebe,
labda kidole kiliteleza, labda ni mazoea,
kisha akatutupia sisi: wasikilizaji,
dada huyu amekosea wapi?

Barke ameacha mchele.
Ameingiza kichwa kidakani, nyuma ya redio,
sikio kwenye chokaa.
"Ma, anasema mara mbili.
Huku kwanza. Halafu redioni."

Ukuta wetu na wa Somoe ni mmoja.
Wazee waliujenga mnene, dhiraa nzima ya mawe,
lakini kidaka kimeula nusu.
Somoe, anayeazima mbuzi yangu kila Ijumaa.
Somoe, aliyeniambia juzi, mkono shavuni,
ni jino, shoga, jino la nyuma.
Nami nikampa karafuu.

Hapo ndipo nilipozima. Mbio, vidole vyeupe kwa nazi,
kama mtu aliyemfumania paka kwenye nyama.
Vikakatika vyote: mtangazaji, kicheko, mizizi na heshima yake.

Na kidaka kikaendelea kusema.

Famau akaitazama redio. Akanitazama mimi.
"Ma, haijazimika."

Nilivaa buibui bila kunawa.
Nikapiga hodi kwa Somoe, mara tatu, kama ilivyo ada.
Ndani, mtu akaongeza redio.