Nafasi Wazi

Saa sita na robo usiku, ofisi ya ankara za maji,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Feni inakoroga joto lile lile.
Nimeandika amri ya mstari mmoja:
kurasa za faharasa zisijazwe kupita sabini kwa mia,
ibaki thelathini, mgeni akija apate pa kukaa.

Mashine ikajibu: Imebadilishwa.
Haikupepesa jicho.

Nikampigia Shekiondo, nikamwambia kazi imekwisha.
Akacheka cheko la mtu anayelijua shimo kwa kulitumbukia.
"Umebadili kauli, Mwanakombo. Kurasa hujazigusa."

Nikapima. Kweli.
Kurasa elfu arobaini na moja, zimejaa pomoni,
mita ya Makorora imeikalia ya Chumbageni mapajani,
na ikisajiliwa moja mpya katikati yao
ukurasa unapasuka kama gunia.
Agizo langu ni la watakaozaliwa kesho.
Waliokwisha kukaa hawakusikia hata hodi.

Baba alikuwa karani wa masijala, shamba la mkonge, Pongwe.
Ulikuja waraka: kadi zipangwe kwa namba, si kwa majina.
Akautundika msumarini, na droo
zikaendelea kuanza na Abdi, Amri, Athumani,
miezi minne,
mpaka wiki ile ya mvua alipozimwaga mkekani.
Dirishani watu wanadai posho, hawezi kuwafungia.
Basi akaweka droo mbili: ya zamani ya kujibia,
mpya ya kujazia,
na aliyeajiriwa siku hizo akaandikwa kotekote.
Kila baada ya kadi kumi, akaacha upana wa kidole.
"Wa nini?" nikamuuliza.
"Wa ambao hatujawajua."

Nami nikajenga upya, pembeni, bila kufunga mlango.
Saa nane umeme ukakatika.
Uliporudi nikakuta faharasa nusu, jina lake limeota mkia,
haimjibu mtu,
lakini kila anayeandikwa inamtoza ushuru.
Nikaifuta. Nikaanza tena.

Alfajiri nikafungua daftari la mabadiliko:
zamani mia, sasa sabini, sababu, tarehe, jina langu.
Juu yake mstari mtupu.
Aliyeweka mia hakuandika.
Pengine ni mimi.

Saa mbili dirisha likafunguliwa.
Wa kwanza ni muuza mihogo, ankara kaikunja mara nne.
Nikaingiza namba yake; kufumba na kufumbua, huyo.
Hakushangaa.
"Na bei," akasema, "hiyo mlibadili lini?"