Namba Sitini na Mbili

Mwanangu Ramiro amenipa kikaratasi kama mteja yeyote.
"Subiri uitwe, Mama." Nami nasubiri,
mimi niliyempimia maziwa kwa kijiko.

Hapa palikuwa kwa dobi. Bado sakafuni
kuna alama za mashine, miraba minane iliyopauka,
na juu ya kila mraba wameweka meza
ili kuuficha. Haufichiki.
Ukutani ubao wa chaki, mwandiko wa Dong-hyuk
umelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa:
taco ya mbavu, burito ya kimchi,
supu ya maharage Jumatano tu.
Leo Jumatano.

Pamejaa. Wapaka rangi na ndoo zao,
wasichana watatu wa chuo cha uuguzi,
kijana ambaye hajavua kofia ya pikipiki.
Kiti kimebaki kimoja, dirishani,
na mbele ya kiti hicho ameketi Bwana Noh,
baba yake Dong-hyuk.
Sweta ya kijivu. Kifungo cha tatu kimelegea.
Jicho langu huanzia kwenye vifungo, ndivyo lilivyofundishwa.

Miaka kumi na mmoja nilimshonea mifuko ya suruali,
ghorofa ya saba, katikati ya Los Angeles,
senti kumi na nne kila mfuko.
Kihispania chake kilikuwa neno moja: apúrate.
Kikorea changu kilikuwa neno moja: pali-pali.
Haraka na haraka; hatukuwa na la ziada.
Mchana yeye alikula ofisini, nyuma ya kioo,
sisi kwenye ngazi za dharura, tortila ndani ya kitambaa,
na harufu ya kabichi yake iliyochachuka
ilitufuata hukohuko. Tukabana pua. Tukacheka.
Mimi nilimeza mate. Sikumwambia mtu.

Kisha asubuhi moja mlango ulikuwa na kufuli,
na mshahara wetu wa majuma mawili
ulikuwa upande wa pili.

"Sitini na mbili!"

Sahani ya karatasi, taco tatu.
Tortila ina madoa ya moto
kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.
Nyama ya mbavu, nyembamba, imelala na mchuzi wake,
ufuta umetawanyika kama shanga zilizokatika uzi,
giligilani, kitunguu, ndimu,
na kabichi ileile.
Ile ya nyuma ya kioo.

Naketi. Sisalimu. Nakunja, nauma,
mchuzi unashuka mpaka kwenye kiwiko.
Kwanza utamu, kisha chumvi, kisha ukali unaochelewa
kama mtu anayebisha hodi baada ya taa kuzimwa.
Machozi yananitoka, na sitaki ayaone
akadhani ni ya jambo jingine.

Ananisogezea karatasi za kufutia, kwa vidole viwili.
Yeye taco anaila kwa vijiti,
anaifumua kama mshono uliokosewa.
Siwezi kutazama kazi mbovu nikanyamaza.
Hivi, namwonyesha. Bana hapa. Inamisha shingo, si mkono.
Anainamisha shingo.

"Eulalia," anasema. "Mifuko."
"Majuma mawili," nasema.
Kihispania chake kimeongezeka: "Najua."
Anainuka, anarudi na bakuli la supu,
analiweka mbele yangu kwa mikono miwili.
Dawa ya deni kulipa, namwambia, si kupakua.
Lakini supu ni ya moto, na nje kuna baridi,
na maharage hayana kosa.

Nikimaliza nafungua mkoba. Sindano ipo, huwa ipo,
na uzi wa kijivu, karibu rangi ileile.
Kifungo chako kitaanguka, namwambia.
Naweza kukishona sasa hivi.
Bei dola mia nne na kumi na sita.

Anakitazama kifungo. Anatazama nje, magari yanapita.
Dirisha la jikoni limenyamaza: wale wawili wanachungulia.
Kisha Bwana Noh anaanza kuvua sweta,
mkono mmoja, taratibu, halafu wa pili.

Pali-pali, namwambia.