Gari Jekundu Nyuma Yetu

Namba yangu 213, yake 214.
Pini nne, na moja ikamchoma kidole;
akaifyonza damu, akasema, "Ada nimeshalipa."

Kilomita saba kuzunguka ziwa,
Jumapili ya pili ya Machi,
kuchangia mpira mpya wa maji wa wazimamoto,
ambao huku kwetu kusini mwa Chile ni watu wa kujitolea tu:
mwoka mikate, fundi wa meno, mwalimu wa jiografia.
King'ora kikilia wanaacha kila kitu,
hata mkate tanuruni.

Shangazi Edelmira ana miaka sitini na mitatu
na viatu vya kuazima, soksi mbilimbili ndani.
Mimi nina kumi na sita, na miguu,
na marafiki waliokwisha kujipanga mbele kabisa.
Mama aliniambia, "Usimwache."
Hakuongeza neno.

Watu wakamwagika kama maharage guniani.
Tukabaki sisi, manyunyu,
na mbwa watatu wa mtaani ambao hawakujiandikisha.

Kilomita ya kwanza tulipitwa na mwanamke
anayesukuma kigari cha mtoto.
Ya pili, na padri.
Ya tatu wakatupita wale mbwa; mmoja akageuka kututazama
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Nikashusha kofia hadi kwenye nyusi.

Na nyuma yetu, mwendo wa konokono,
gari la zimamoto, taa zikizunguka bila sauti.
Ndilo hufunga njia. Aliyechoka hupandishwa.

Nolberto akatoa kichwa dirishani:
"Doña Edelmira, kiti kipo, na ndani kuna joto."
Hakumjibu. Alikuwa akihesabu pumzi,
nne ndani, tatu nje,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Kwenye mlima wa kiwanda cha mbao tulitembea.
Bibi mmoja alitoka na sufuria, akaipigia mwiko
kutushangilia, akachoka kabla hatujamfikia,
akarudi ndani.
Nikasema, "Shangazi, kupanda si aibu."

Akasimama. Akageuka, si kwangu, kwa gari.
Akatazama taa, bampa, ule mkwaruzo wa mlangoni
ambao marehemu Anselmo alisema ni mti
na mji mzima ulijua ni ukuta wa benki.

"Miaka kumi na tisa," alisema,
"gari hili lilimchukua saa nane usiku, saa tisa,
supu ikiwa mezani, siku ya ubatizo wako,
mimi nikabaki mlangoni na kandambili.
Halikuwahi kunisubiri dakika moja.
Leo lisubiri."

Akainama, akafunga upya kamba ya kiatu.
Polepole. Fundo, na fundo juu ya fundo.
Nolberto akazima injini.

Nyuma ya mlango wake inaning'inia kofia ya Anselmo,
ile ya chuma, imejaa vibanio vya nguo.
Siku zote nilidhani ni uvivu.

Nisidanganye: baada ya hapo hatukukimbia vizuri.
Goti lake lililia kama bawaba.
Mvua ikazidi, namba yangu ikachanika, ikabaki 21.
Ila kofia niliivua, nikaishika mkononi.

Tulipofika walikuwa wanakunja meza.
Lile tao la hewa la kumalizia limeshatobolewa,
limelala barabarani kama gamba la nyoka;
ilibidi tuliruke, yeye akinishika bega.
Saa moja na dakika thelathini na moja,
mwalimu wa jiografia akaandika kwa penseli.
Medali zilikwisha. Lilibaki chungwa.

Akalimenya, akanipa nusu,
nusu nyingine akampelekea Nolberto dirishani,
na kabla ya kuondoka akaligonga gari mara mbili kwa kiganja,
kama unavyomgonga ng'ombe
aliyekubali, mwishowe, kukamuliwa.

Nyumbani tulikwenda kwa miguu.